Mmweko wa Sekunde Mbili na Amri ya Kuhakikisha Habari

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Muumba wa mbingu na ardhi, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya haya:

Ndugu zetu Waislamu, mmezoea kutuona katika kurasa hizi tukikataza hili na kuhimiza lile, na tukiwakosoa wafuatao mambo pasi na dalili. Mara hii twaanza na nafsi zetu. Sisi tunaoandika haya tumewapa watu habari ya uongo. Tuliitoa msikitini baada ya Sala ya Isha, mbele ya safu nne za watu wazima waliotuamini. Na kosa lililofanywa hadharani halitubiwi chumbani. Tulikwisha kusimama pale pale tukasema tulilopaswa kusema. Lakini habari ile ilikuwa imekwisha kuvuka mlango wa msikiti na kuenea katika mitaa mingine, ndipo tukaona kwamba toba yetu haitatimia mpaka tuiandike.

Kisa chenyewe ni hiki. Usiku mmoja, kabla ya kukimiwa Sala, kijana alituonyesha katika simu yake ya mkononi waraka ulioandikwa kwa Kiswahili kizuri. Waraka ulidai kwamba wataalamu wa nyota wa Marekani wametangaza kuwa usiku ule ule, baina ya saa sita na nusu na saa tisa na nusu, miali mikali ya gama kutoka mbinguni itapita karibu na ardhi. Kwamba kila mtu azime simu yake na asitoke nje, kwani miali hiyo huingia katika simu na kumdhuru aliye nayo. Na mwisho wake uliandikwa kwamba mwenye kuwafikishia wenziwe habari hii atapata thawabu. Tuliusoma mara moja tu. Tukaingiwa na khofu, tukaiona habari ile kuwa ni amana, tukawasomea watu. Hatukuuliza imetoka kwa nani, wala kwa nini jambo kubwa namna hiyo limemfikia kijana yule likakosa kuifikia serikali.

Usiku ule mtaani petu mtoto wa mama mmoja alishikwa na homa kali, ikafuatwa na degedege. Mumewe yule mama yuko baharini. Simu ameizima, na nje hathubutu kutoka, kwani shekhe amesema. Akakaa na mwanawe akimpangusa maji mpaka ilipoadhiniwa Alfajiri. Alipomfikisha hospitali daktari alimwuliza kwa ukali mbona amechelewa, naye akajibu kwamba alikuwa akijikinga na miali. Mtoto, alhamdulillahi, amepona. Lakini lau angalikufa, damu yake ingalikuwa shingoni mwa nani? Swali hili lilitunyima usingizi siku nyingi, na twakiri kwamba hata leo halijatutoka.

Basi tukamwita kijana mmoja wa darsa yetu ambaye ni mwalimu wa fizikia katika skuli ya sekondari, tukamwambia: "Mwanangu, kaa utusomeshe. Twataka kujua miali hii ni nini hasa, na hao wataalamu waliosingiziwa husema nini wanaposema kweli." Akaona haya, akasema: "Maalim, mimi nitakusomesha wewe?" Tukamwambia kuwa katika elimu mwanafunzi ni yule asiyejua, hata kama ndevu zake zina mvi. Akaja jioni nyingi. Na tuliyoyapata kwake ndiyo tunayotaka kuwasimulia, kwani habari ya kweli ilikuwa kubwa zaidi na nzuri zaidi kuliko ule uongo tulioukimbilia.

Miali ya gama ni namna ya nuru, ila jicho haliioni, na nguvu yake huishinda hata ile ya eksirei ambayo kwayo madaktari hutazama mifupa. Nyingine hutoka mbali sana, nje ya jua na sayari zake. Lakini hewa iliyotanda juu yetu huizuia isitufikie hapa chini, na hii ni katika rehema ambazo hatuzishukuru kwa sababu hatuzijui. Mwenye kutaka kuiona hiyo miali hana budi apeleke chombo juu ya hewa. Kwa hiyo waraka wetu ulijikadhibisha wenyewe tangu neno lake la kwanza, na mwanafunzi wa kidato cha pili angaliweza kutwambia hivyo lau tungalimwuliza. Tarehe 9 Oktoba 2022 ulifika mmweko wa gama uliokuwa mkali kuliko wote waliopata kuupima, hata tabaka za juu za hewa zikatikisika na vyombo vikaona. Na watu wakalala na kuamka, wasiwe na habari.

Na namna mimweko hiyo ilivyojulikana mara ya kwanza ni kisa cha ajabu. Mwaka 1963 mataifa makubwa yalitia saini mkataba wa kutojaribu mabomu ya nyuklia hewani, baharini wala angani. Wamarekani hawakumwamini Mrusi, wakarusha setilaiti ziitwazo Vela zizunguke mbali na kutazama iwapo kuna mtu avunjaye ahadi kwa siri, kwani bomu la namna ile hutoa miali ya gama. Tarehe 2 Julai 1967 setilaiti hizo zikaona mmweko wa gama. Haukufanana na mmweko wa bomu. Walioutazama, wakiongozwa na Ray Klebesadel huko Los Alamos, hawakukimbilia kusema. Walingoja setilaiti nyingine zenye saa bora zirushwe, wakawa wanalinganisha wakati ambao kila setilaiti ilipigwa na miali, kwani ile iliyo karibu zaidi na chanzo hutangulia kupigwa. Na kwa hesabu hiyo wakajua kwamba haikutoka ardhini wala katika jua. Walipokwisha kukusanya mimweko 16 ndipo walipoandika, mwaka 1973. Tangu kuona mpaka kusema ilipita miaka sita. Sisi tangu kuona mpaka kusema haikupita hata muda wa kumaliza udhu.

Na yapo katika habari hii ambayo sisi watu wa pwani ni aibu kutoyajua. Wataalamu walibishana kwa muda mrefu: je, mimweko hii yatoka karibu au yatoka mbali? Ubishi ulianza kukatika tarehe 28 Februari 1997, wakati setilaiti ya Wataliana iitwayo BeppoSAX ilipoona mabaki ya mng'ao yaliyosalia baada ya mmweko kuzimika, wakapata mahali pa kuelekeza darubini zao. Na habari za setilaiti hiyo zilikuwa zikishuka wapi? Zilishuka hapa hapa kwetu, katika kituo cha Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Kadhalika setilaiti ya Swift, iliyorushwa mwaka 2004 mahsusi kwa kuiwinda mimweko hii, habari zake zimepokewa katika kituo hicho hicho. Na mbele ya bahari ile ile, tarehe 12 Disemba 1970, ndipo iliporushwa setilaiti ya kwanza kabisa ya kuchungua miali ya eksirei ya mbinguni, nayo ikaitwa Uhuru kwa kuwa siku hiyo ilikuwa sikukuu ya uhuru wetu. Wavuvi wa huko wamepita na ngalawa zao chini ya minara ile miaka yote hiyo. Lakini ni wangapi katika sisi tuliopata kuuliza yale masahani makubwa yanasikiliza nini?

Mimweko hiyo ni ya namna mbili, mirefu na mifupi. Mwaka 1993 wataalamu walitazama mamia ya mimweko iliyokusanywa wakaona inagawanyika karibu na kiwango cha sekunde mbili. Mirefu ilikuja kujulikana kuwa hutokana na kufa kwa nyota kubwa mno. Ama mifupi ilikaa kitendawili, kwani mwingine haukai hata nusu ya sekunde. Na kabla hujageuza uso, umekwisha. Walidhani kwamba hutokana na kugongana kwa nyota mbili za nyutroni, nazo ni makaa ya nyota zilizokufa, ambapo kila moja ina uzito wa kushinda jua letu na upana wake hauzidi kiasi cha kutoka Mombasa mpaka viungani mwake. Lakini dhana si ilimu. Walikaa na dhana hiyo miaka mingi, wakiita dhana dhana.

Mpaka ilipofika Alkhamisi ya tarehe 17 Agosti 2017, katika Mfungo Pili wa mwaka 1438. Saa za kwetu ilikuwa saa tisa na dakika 41 za mchana, watu wakijiandaa kwa Sala ya Alasiri.

Juu ya ardhi ilikuwa ikizunguka setilaiti iitwayo Fermi, iliyorushwa mwaka 2008. Ndani yake mna chombo chenye macho 14, na kila jicho limefanywa kwa fuwele, yaani jiwe ling'aalo kama kioo. 12 ni za chumvi ya sodiamu na iodini, na 2 ni za madini mengine mazito kwa ajili ya miali yenye nguvu zaidi. Mwali wa gama ukiipiga fuwele, fuwele hutoa cheche ndogo ya nuru, na cheche hiyo huhesabiwa. Miali michache huja kila wakati kutoka kila upande, kama matone ya manyunyu juu ya paa la bati, na chombo huyahesabu manyunyu hayo na kujua kiasi chake cha kawaida. Hesabu ikipanda kwa ghafula kupita kawaida, chombo husema: lipo jambo. Ila jicho moja likipanda peke yake halisadikiwi. Ni lazima macho mawili au zaidi yapande pamoja, ndipo chombo kiandike na kutuma habari. Tuliposikia haya tulimwambia mwalimu wetu asimame kidogo, tukamwomba ayarudie. Chuma kisichokuwa na roho wala hesabu ya Kiyama kimefundishwa kutaka mashahidi wawili, na sisi tuliosoma mlango wa ushahidi katika fikihi kwa miaka mingi tulitosheka na simu ya mtoto.

Siku hiyo macho ya Fermi yalipanda pamoja. Mmweko ulidumu kama sekunde mbili, kiasi cha mtu kutamka Bismillahi kwa utulivu, na haikupita robo ya dakika ila habari ilikwisha kutumwa ardhini. Mwelekeo wake hujulikana kwa kulinganisha macho, kwani jicho linaloelekea upande ule hupata miali mingi na lililoupa kisogo hupata michache. Lakini ujuzi huo ni wa juu juu, na eneo walilolipata lilikuwa pana, la kutosha kupanga miezi mpevu zaidi ya 5,000. Na mmweko wenyewe ulikuwa dhaifu. Lau ungalikuja peke yake ungaliandikwa daftarini kama mamia ya wenziwe, ukasahauliwa.

Lakini haukuja peke yake. Ardhini kulikuwa na mashahidi wa namna nyingine. Wamarekani wana vyombo viwili viitwavyo LIGO, kimoja Hanford na kingine Livingston, vimeachana kwa kilomita kama 3,000. Na Wataliana na wenzao wana kimoja karibu na mji wa Pisa kiitwacho Virgo, ambacho kilikuwa kimejiunga na kazi hiyo tarehe 1 Agosti tu. Kila kimoja kina mikono miwili mirefu, ya kilomita 4 kwa LIGO na kilomita 3 kwa Virgo, ambamo nuru hupita ikienda na kurudi. Vitu vizito mno vikizungukana mbinguni, huitikisa nafasi yenyewe tuliyomo, na mtikisiko huo ukipita mkono mmoja hurefuka na mwingine hufupika, kwa kiasi kidogo kuliko kiini cha atomu. Hayo huitwa mawimbi ya mvutano. Na siku ile wimbi lilisikika kwa muda wa sekunde kama 100, sauti yake ikipanda na kupanda, kisha likakatika. Na baada ya kukatika kwake kwa sekunde 1 na sehemu 7 katika 10, ndipo ulipofika mmweko wa gama.

Hapa tuna jambo la kusimama nalo, kwani ndipo penye faida kwetu. Chombo cha Hanford kilisema wazi. Cha Livingston, kilichokuwa na usikivu kushinda vyote, hakikutoa habari. Na walipokwenda kutazama wakakuta kwamba kiasi cha sekunde moja kabla ya mwisho wa wimbi kulitokea kelele ndani ya chombo chenyewe, kama mtu aliyekohoa katikati ya kutoa ushahidi, na hesabu ya mashine ikautupa ushahidi wote. Wao wafanyeje? Hawakusema: shahidi huyu amekohoa, maneno yake yote ni batili. Wala hawakusema: huyu ni shahidi wetu mkubwa, na kikohozi chake nacho ni hoja. Walikipambanua kikohozi na neno, wakakitoa kile na kulibakisha hili, na neno lililobaki likaafikiana na la Hanford. Wanavyuoni wetu wa hadithi walifanya kazi ya jinsi hiyo karne nyingi nyuma, wakisema fulani ni mkweli lakini alichanganyikiwa uzeeni, basi yapokewe aliyoyasimulia kabla na yaachwe aliyoyasimulia baadaye. Twaisoma elimu hiyo, twaijua kwa majina yake, na tukishika simu twaiweka rafuni.

Ama Virgo, yeye karibu hakusikia kitu. Mtu mwenye haraka angalisema: basi huyu ameukadhibisha ushahidi wa wenziwe. Lakini kila chombo cha namna hiyo kina pande ambazo hakisikii vizuri, kama sikio lililoegemezwa mtoni, na pande hizo zajulikana. Wakasema: ikiwa wawili wamesikia na huyu, aliye mzima na macho, hakusikia, basi jambo hili limetoka upande ule ambao yeye ni kiziwi. Kimya chake kikawa ndicho kilichowaonyesha njia. Eneo likapungua mpaka kiasi cha miezi mpevu kama 140, nalo likaangukia ndani ya lile eneo pana alilolionyesha Fermi. Tena setilaiti ya Ulaya iitwayo INTEGRAL, iliyokuwa mbali na Fermi, daftari lake lilipofunuliwa ulikutwa mmweko ule ule kwa wakati ule ule. Wakapiga hesabu: je, yamkini mmweko na wimbi vikakutana hivi kwa bahati tu? Wakapata kwamba uwezekano huo ni kama 1 katika milioni 20.

Na hata hapo hawakutangaza. Walisubiri jua lizame huko Chile, kwani upande ule wa mbingu ulionekana kwa muda mfupi tu baada ya magharibi, wakaelekeza darubini kwenye makundi makuu ya nyota yaliyomo ndani ya eneo lile, moja baada ya jingine. Baada ya saa kama 11 tangu mmweko, darubini ndogo ya Swope, ambayo kioo chake ni cha upana wa mita 1, ikaona nuru mpya ambayo hapo kabla haikuwapo, katika kundi kuu liitwalo NGC 4993, umbali wa safari ya nuru ya miaka kama milioni 130. Makundi mengine 5 ya wataalamu yakaiona kila moja kwa njia yake. Mahali penyewe pako katika nyota ambazo Waarabu waliziita Ash-Shujaa, na nyota yake kubwa hata leo Wazungu huiita kwa jina tuliloipa sisi, Al-Fard, yaani iliyo pweke.

Nuru ile ilianza ya samawi, ikageuka nyekundu kwa siku chache, kisha ikafifia. Mageuko hayo yaliwajulisha kwamba katika mgongano ule yalizaliwa madini mazito kwa wingi usiokadirika kwa mizani zetu, na katika jamii ya madini hayo ni dhahabu. Mwaka 2019 waliipambanua ndani ya nuru ile alama ya madini ya stronti. Ama dhahabu yenyewe hawakudai kuiona kwa jicho. Walisema hesabu yaonyesha kwamba imo. Twapenda mno kupambanua huku. Na ule udhaifu wa mmweko nao ulipata maelezo: miali mikali hutoka kama nuru ya tochi, upande mmoja, na sisi siku ile tulikuwa kando ya mwelekeo wake. Hili pia halikukubaliwa kwa kusemwa tu. Darubini ya eksirei ilitazama baada ya siku 2 haikuona kitu, ikatazama tena baada ya siku 9 ikaona; mawimbi ya redio yakaja baada ya siku 16; na haya yaafikiana na mtu aliye kando ya tochi.

Walitangaza tarehe 16 Oktoba 2017, zilipotimia siku 60. Kati yao alikuwapo aliyeshindwa kuzuia ulimi akatoa fununu siku ya pili yake tu, na wenziwe hawakumsifu. Waraka mmoja waliouandika pamoja ulikuwa na majina ya waandishi zaidi ya 3,000, kutoka vituo karibu 70. Jambo lilidumu sekunde mbili, na safari yake ilikuwa ya miaka milioni 130, na watu hawa wakaona kwamba si vibaya liongezwe miezi miwili ya kuhakikisha.

Huenda mtu akasema: haya ni mambo ya watu wasioamini, yatatufaa nini sisi? Twamjibu kwamba Abdurrahman As-Sufi, aliyeandika kitabu chake cha nyota katika karne ya nne ya Hijra, alionyesha wingu dogo mbinguni ambalo leo lajulikana kuwa ni kundi kuu la nyota mfano wa hilo la NGC 4993. Na hakuna aliyemwuliza litamfaa nini. Manahodha wa mwambao huu walivuka bahari kwa nyota. Kutazama mbingu kulikuwa kwetu kabla hakujawa kwao, na aliyeacha kazi asimlaumu aliyeiokota.

Na mwingine, naye ni hatari zaidi kwa kuwa husema kwa mapenzi, atasema: yote haya yamo katika Qur'ani, nyota ya nyutroni ndiyo At-Tariq iliyotajwa, basi na tuyatangaze katika mimbari. Huyu twamwomba ataratibu. Kitabu cha Mwenyezi Mungu hakingoji kugongwa muhuri na darubini. Wataalamu hawa wenyewe husema leo na kurekebisha kesho, na hiyo ndiyo heshima yao. Nawe ukilifunga neno la Mola kwa rai yao ya leo, kesho wakiirekebisha utasemaje? Siku aliyofariki Ibrahim mwana wa Mtume wetu (S.A.W.) jua lilipatwa, na watu wakasema limepatwa kwa msiba huo. Maneno yale yalimtukuza, yalitoka kwa wampendao, na yeye alikuwa na jeraha la baba. Juu ya hayo aliyakanusha pale pale, akawabainishia kwamba jua na mwezi havipatwi kwa kufa mtu wala kwa kuzaliwa kwake. Basi ikiwa yeye hakukubali jambo la mbinguni lisemwe uongo hata kwa kumtukuza, sisi ni nani tulikubali kwa kuwatisha watu?

Na katika Sura ya Al-Hujuraat tumeamrishwa tuhakikishe habari inapotujia, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga kisha tukabaki na majuto. Aya hiyo tumeifasiri darsani si mara moja. Tuliwaeleza wanafunzi sababu ya kushuka kwake na irabu ya kila neno lake. Na ilipokuja siku ya kuitumia, tuliisahau, na majuto ndiyo haya mnayoyasoma.

Juma lililopita tulikwenda nyumbani kwa yule mama pamoja na mwalimu wetu wa fizikia. Tulikaa barazani, mumewe amekwisha kurudi, tukamwomba radhi mbele ya mumewe na mama mkwe wake. Alitusamehe, Mwenyezi Mungu amlipe. Kisha akasema: "Maalim, mimi sina kinyongo nawe. Lakini ukisimama tena pale mbele, nitajuaje hili ni lile la kweli au ni lile jingine?" Hatukuwa na jibu pale. Mwalimu alimsimulia habari ya nyota mbili na dhahabu, naye akagusa kipuli chake, akacheka, akauliza kama mtoto aweza kulala nje barazani wakati wa joto. Akajibiwa kwamba aweza, ila chini ya chandarua.

Jibu lake tumelipata baadaye, na darsa imelipitisha. Tangu sasa hakuna waraka wa simu utakaosomwa katika msikiti wetu ila umekwisha kukaa siku nzima, na watu wawili, kila mmoja kwa njia yake, wametafuta asili yake. Ukiwa ni wa mambo ya mbinguni atatazama mwalimu wetu. Ukiwa ni wa maradhi na dawa, yuko muuguzi mmoja wa hospitali anayehudhuria darsa ya wanawake, naye amekubali. Atakayesoma atataja majina ya hao wawili kabla ya kusoma. Na mkituona sisi wenyewe tumesimama na waraka bila kuwataja, tuambieni tukae.